Pua ya Difu

Gari la baba yangu halijawahi kuvuja. Hilo lieleweke mapema. Katika miaka ishirini na kitu ambayo ameimiliki pikapu hiyo ya dizeli, imekohoa, imegoma kuwaka asubuhi za baridi, na mara moja iliangusha bampa mbele ya kituo cha polisi, lakini kuvuja, hata siku moja. Ukimwonyesha doa jeusi chini yake, pana kama sinia, ataliangalia bila haraka na kukwambia, "Hiyo haivuji. Hiyo inatoa jasho."

Na gari lililobeba kabeji, maziwa, mbolea, majeneza na kwaya ya kanisa kutoka shambani kwetu Bahati hadi Nakuru mjini lina haki ya kutoa jasho. Mimi ni mwalimu, nabeba chaki tu, na nikifika ghorofa ya pili natoa jasho pia. Kwa hiyo hatukubishana naye. Katika familia yetu unaweza kubishana na Baba kuhusu siasa, na hata kuhusu Biblia ukiwa na moyo mgumu. Kuhusu gari, hapana.

Sisi ni watoto wanne, wavulana watatu na mimi. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Baba huniita Mami, na kwa sababu ambazo hajawahi kuzieleza, ni mimi aliyenifundisha kushika spana. Kaka zangu walihimizwa kusoma hesabu. Matunda yake yanaonekana: wote watatu wako Nairobi, wana magari yanayong'aa, na hakuna hata mmoja anayejua jeki inawekwa wapi. Mimi nilibaki Nakuru, na kila likizo hupanda hadi Bahati, navaa ovaroli ya Baba, naingia chini ya pikapu na kutoka nikiwa nimevimba kichwa.

Likizo ya Aprili, nikiwa huko chini, niliona jambo. Juu ya ekseli ya nyuma, karibu na difu, lile bonge la chuma la katikati linalozigawia tairi za nyuma nguvu, palikuwa na kifuniko kidogo kisichozidi kidole gumba, na kandokando yake palikuwa na unyevu wa mafuta. Nikakigusa, kikacheza. Kifuniko kilicholegea, mafuta yanatoka, vumbi la Bahati linaingia! Niliguna kama daktari aliyegundua ugonjwa uliowashinda wenzake wote. Nikatoka, nikakata utepe mrefu wa blada kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, nikarudi kukizungushia kifuniko hicho mara nane, nikakaza kwa nguvu zangu zote, kisha nikamalizia kwa fundo la kufungia ng'ombe ambalo Baba alinifundisha nikiwa darasa la tatu. Huku kwetu hakuna kitu kisichofungika kwa blada. Tunafungia mabomba, mipini ya majembe, milango ya choo na vioo vya pikipiki. Nikamwambia Baba kwamba nimelizuia lile jasho. "Sawa, Mami," akasema, bila kuacha kusikiliza redio.

Baada ya wiki chache, jasho likaonekana kwenye tairi la nyuma la kulia. Kwanza rimu ililowa kidogo, kisha vumbi likanata hapo na kuwa uji mweusi, kisha upande wa ndani wa tairi ukaanza kung'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. "Limehama," alisema Baba, kana kwamba anazungumzia mpangaji. Nikapendekeza tumwite fundi. Akakataa, kwa sababu fundi angekuja kumwambia kwamba linavuja.

Wakati huo ndipo alipoanza kutembea na jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi lenye vishimovishimo, la aina iliyojaa kila mahali chini ya volkeno ya Menengai, na alilihifadhi chini ya kiti. Kila alipoegesha, aliteremka nalo, akaliweka nyuma ya tairi na kulipiga teke moja ili likae. Nilipomwuliza, alisema hendibreki imechoka. Kaka yangu mkubwa alipokuja wikendi moja na kuuona utaratibu huo, alicheka hadi akafuta machozi, nami nikacheka naye. Tukakubaliana pembeni kwamba Baba anazeeka. Mtu wa miaka sabini na minane akianza kutembea na jiwe, wasomi kama sisi hatuliangalii gari, tunamwangalia mtu.

Basi ikaja Jumapili ya mavuno. Kanisa letu lilikuwa limejenga lango jipya lenye nguzo mbili za mawe, na kwenye nguzo ya kushoto wakabandika bamba la saruji lenye majina ya wazee wa kanisa. Jina la Baba lilikuwa la tatu. Alikuja na magunia sita ya viazi nyuma, akakata kona kuingia, na sisi sote tuliokuwa nje tukisalimiana tuliiona pikapu ikiteleza polepole, kwa heshima kabisa, hadi ikaigonga ile nguzo na kulipasua bamba katikati. Mama mmoja wa kwaya aliruka akaacha kiatu. Hakuna aliyeumia. Baba aliteremka, akalitazama jina lake lililogawanyika vipande viwili, akasema neno moja.

"Nilikanyaga."

Hakuna aliyemsikiliza. Pasta alimshika mkono kama anayemvusha barabara. Akina mama wakasema ni macho. Wazee wenzake, ambao wawili kati yao huvaa miwani minene kama kitako cha chupa, wakasema pia ni macho. Mimi nilikaa naye benchi moja, na wakati wa maombi nilimsikia akirudia chini chini, "Nilikanyaga." Nikadhani anatubu.

Mkutano wa familia ulifanyika Jumamosi iliyofuata, sebuleni kwake, yeye mwenyewe akiwa mwenyeji. Kaka zangu walibanwa na shughuli, kwa hiyo walihudhuria kwa simu yangu, iliyofunguliwa sauti na kuegemezwa kwenye bakuli la sukari. Mzee aliyelea watoto wanne akaketi kuhukumiwa na bakuli la sukari. Kaka mkubwa alizungumza kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Alisema kwamba tunampenda Baba, kwamba barabara za siku hizi si kama za zamani, na kwamba pikapu iuzwe kabla hajaua mtu. Wale wengine wawili wakaitikia. Baba alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

"Nilikanyaga breki," akasema.

"Tunajua, Baba," bakuli likajibu.

"Hamjui. Nilikanyaga mpaka chini."

"Baba, ni miaka tu. Hata sisi tutafika huko."

Kisha wakaniuliza mimi, mtaalamu wa magari wa familia. Baba akaacha kitambaa, akaniangalia. Kwa namna alivyoniangalia nilijua ananingojea mimi tu. Nami nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba gari ni zima, nimelikagua mwenyewe.

Alitoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa umefungwa kwenye kamba ya kiatu. Akaufungua taratibu, akauweka mkononi mwangu, akairudisha kamba mfukoni. Ilimchukua muda kuifungua na hakuna aliyemsaidia.

Mnunuzi alipatikana upesi, mfanyabiashara wa mboga kutoka Mai Mahiu. Alizipiga tairi teke, akasikiliza injini, akainama nyuma mara moja tu.

"Madam, hii axle inavuja," akasema. "Badilisha sili kwanza, alafu tuongee. Mimi napanda na kushuka ile escarpment na mzigo, siwezi cheza na hii kitu."

"Inatoa jasho," Baba akasema kutoka barazani.

"Ni sawa, mzee. Lakini hiyo ni jasho mingi."

Sili ni pete ya mpira inayokaa mwishoni mwa ekseli ili mafuta ya difu yasifike kwenye breki. Sentensi hiyo niliijua siku nyingi. Ningeweza kuiandika ubaoni na kuipigia mstari. Yasifike kwenye breki. Na bado sikuunganisha lolote na lolote, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba ni macho.

Jumatatu nikalitoa gari kwenda kwa fundi, mtaa wa Bondeni mjini. Baba akavaa koti na kofia, akasema anakuja. Akaingia upande wa abiria, mahali ambapo hajawahi kukaa katika gari hilo, akautafuta mkanda kwa dakika nzima kwa sababu hakujua uko wapi. Akaweka kofia magotini kama mgeni.

Tukiwa kwenye mteremko wa kuingia mjini, mkokoteni wa nyasi ukakatiza mbele yetu. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka, ikashuka tena, gari likafikiria kidogo, kisha likaanza kuvuta kushoto huku likiendelea na safari yake. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Tukasimama nusu yetu ikiwa nje ya lami, kioo cha pembeni kikiwa kimeingia ndani ya nyasi, na mwenye mkokoteni akaniambia mambo kuhusu akili yangu ambayo kwa sasa siwezi kuyapinga.

Baba alikuwa bado anatazama mbele.

"Mami."

"Eeh, Baba."

"Ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akageuza uso dirishani. Laiti angenikemea. Niliendesha kwa gia ya pili njia nzima, nikipitwa na bodaboda, nikiwa na jambo kichwani ambalo sikutaka kulifikiria hadi mwisho.

Fundi wetu ni mwanamke wa makamo mwenye kiwanja kidogo cha gereji nyuma ya zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la mji. Anajua kazi yake na hajulikani kwa kutabasamu. Alimpa Baba kreti ya soda akalie, akalegeza nati, akainua gari kwa jeki na kuweka magogo chini ya ekseli, akatoa tairi. Kisha akaligonga dramu la breki kwa nyundo kuzunguka ukingo wake. Lilipoachia, mafuta ya difu yalimwagika chini, meusi, yenye ule uvundo wa gia unaokaa puani siku tatu. Laining za breki, zile pedi zinazobana dramu, zilikuwa zimelowa kama mandazi yaliyosahaulika ndani ya chai.

Fundi akazitazama, kisha akamtazama Baba.

"Mzee wangu, umekuwa ukisimamisha hii gari na nini?"

"Maombi," Baba akasema. "Na jiwe."

"Hii side haina breki kabisa. Hata hendibreki haiwezi shika. Ukibeba mzigo, hii ni kifo."

Sikuthubutu kumtazama Baba. Yeye naye hakusema, "Niliwaambia." Alikuwa na haki ya kulisema neno hilo mara kumi, kwa simu, kwa bakuli, mbele ya kanisa zima. Alikaa tu kwenye kreti akizungusha kofia yake.

Fundi akafungua nati nne, akachomoa ekseli, akaitoa sili ya zamani kwa bisibisi. Akaibonyeza, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akakunja uso.

"Sasa hii ni maajabu. Hii sili si mzee. Raba bado ni soft. Hii imesukumwa na kitu kutoka ndani."

Akachukua tochi, akajitupa chini ya gari. Tulimsikia akikohoa. Kisha sauti yake ikatoka huko chini, polepole.

"Nani alifunga hii pua?"

Alitoka mgongo ukiwa mweusi, mkononi ana utepe wangu wa blada. Alikuwa ameukata kwa kisu ubavuni, na fundo lilikuwa zima kama siku nilipolifunga. Akalitupa chini pale pale kando ya gari, mbali na kreti ya Baba.

"Difu inapumua," akaeleza. "Ukiendesha, inapata moto, hewa ndani inafura, inatoka kwa hii pua. Sasa kuna mtu alikuja akaifunga. Hewa itatokea wapi? Inasukuma mafuta, mafuta inasukuma sili, mpaka kwa breki. Na vile amekaza! Huyo mtu angewaua nyote, na angekuja mazishi akule chakula."

Baba aliinama kidogo, akalitazama lile fundo. Alifundishwa na baba yake, akanifundisha mimi. Kaka zangu hawajawahi kufunga ng'ombe. Sidhani kuna watu wengine wawili katika Nakuru nzima wanaofunga hivyo, wakipitisha ncha chini mara ya pili. Nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilifunga."

Fundi akamwangalia kwa ile huruma niliyoiona kwa pasta, kwa akina mama, kwa kila mtu tangu ile Jumapili. "Mzee wangu, hiyo kazi ya gari sasa uachie watoto."

"Ni kweli," Baba akasema.

Mtu ambaye kwa miaka ishirini hakukubali kwamba gari lake linavuja tone moja, alikubali mbele ya mgeni kwamba yeye ni mpumbavu. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimkatiza papo hapo. Sikumkatiza. Nilinyamaza. Fundi aliifuta ekseli, akaipaka sili mpya mafuta kwenye mdomo wake, akaiweka na kuigongagonga kwa kipande cha bomba, kidogo huku, kidogo kule, ili isiingie upande. Kazi hiyo haitaki haraka, na mimi nilinyamaza muda wake wote. Nilikuwa nikijiambia kwamba Baba ameamua mwenyewe, kwamba fundi huyu anawajua wazazi wa wanafunzi wangu, kwamba gari linauzwa hata hivyo. Niliona aibu, na bado nilinyamaza. Hicho ndicho kitu ninachokikumbuka zaidi kuliko mkokoteni.

Fundi alipokuwa akifunga laining mpya, Baba aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Yule wa Mai Mahiu anakuja lini?"

Akaingiza mkono mfukoni na kuanza kuchezea kitu. Nikaona ncha ya kamba ya kiatu.

Nikatoa simu. Nilimpigia kaka mkubwa, nikafungua sauti, na kwa kuwa hapakuwa na bakuli la sukari nikaiegemeza kwenye mkebe wa grisi.

"Baba alikanyaga," nikasema. "Breki hazikuwepo. Ni mimi niliyeziondoa."

Nikamweleza yote, kuhusu blada, pua, sili na mkokoteni. Fundi aliacha kazi, spana ikabaki hewani.

"Si ulisema uliikagua?" kaka akauliza hatimaye.

"Niliikagua. Ndiyo shida ilianzia hapo."

"Sawa. Lakini na macho yake je?"

Baba akaegemea kwenye simu. "Macho yangu yametambua fundo la huyu dada yako kutoka hapa nimekaa. Fundi, ni hatua ngapi mpaka hapo?"

"Kama sita, mzee."

"Sita," Baba akauambia mkebe wa grisi, akaikata simu mwenyewe.

Fundi alikuwa ananitazama mimi sasa. "Mwalimu. Kwani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huko shule unafundisha nini?"

Nilitamani ardhi ya Bondeni ipasuke. "Fizikia."

Alicheka. Tangu nimjue nilikuwa sijaona meno yake, na siku hiyo niliyaona yote. Alicheka hadi akashikilia bodi ya gari. Kidato cha kwanza, muhula wa pili, hewa ikipashwa moto hutanuka. Nimefundisha somo hilo miaka kumi na tisa, na chupa na puto juu ya meza, na kuwaita wajinga walioshindwa kulieleza.

Fundi akamaliza upande wa kulia, akafungua na wa kushoto kuuhakikisha, akaisafisha ile pua hadi kifuniko kikacheza vizuri, akajaza mafuta ya difu hadi yakachungulia kwenye tundu. Nilimpa Baba ufunguo. Aliifunga kamba yake ya kiatu kwenye kichwa cha ufunguo, akavaa kofia, akaketi kwenye usukani. Mkanda wa upande huo aliupata bila kutazama.

Tukiwa tumepita nyumba za mwisho, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, alitazama kioo, akaniuliza kama nimefunga mkanda, kisha akakanyaga. Pikapu ilisimama pale pale, imenyooka. Mimi nilikwenda mbele, nikarudi.

"Ndiyo hiyo," akasema, akaingiza gia.

Nilingoja hadi tukakaribia nyumbani ndipo nikapata ujasiri wa kumwuliza kwa nini alisema ni yeye.

Aliendesha kidogo kabla ya kujibu. "Mimi mlikuwa mmeshanihukumu," akasema. "Sasa kulikuwa na haja gani tuhukumiwe wawili?"

Nililia hapo, wazi wazi, mwalimu mzima. Hakunibembeleza. Aliingia uani, akaegesha kwenye ule mwinuko karibu na zizi, akavuta hendibreki, ikalia kwa nguvu kama mpya. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti, akaniwekea lile jiwe mapajani.

"Weka," akasema.

"Lakini Baba, hendibreki imetengenezwa."

"Najua. Weka."

Nikateremka, nikapiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini, nikaliweka jiwe nyuma ya tairi la kulia. Nikapitisha mkono upande wa ndani. Palikuwa pakavu.